Mdakaji aliyerusha kiazi, na kwa nini Baba Imani anadaiwa pilau

Swali la leo ni la Baba Imani wa Columbus, Ohio, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za huko. Mwanangu ana miaka 11 kaingia timu ya besiboli ya shule, mimi huo mchezo naangalia tu sielewi kitu. Juzi karudi ananiambia kocha wao kawasimulia eti kuna mdakaji alirusha kiazi uwanjani badala ya mpira, kuna mwingine aliiba besi kinyumenyume, na kuna mchezaji kachezea timu zote mbili ndani ya mechi moja. Nikamwambia hiyo chai, hasa hiyo ya mwisho, tukawekeana pilau. Nani kala? Na kama ni kweli, marefa walikuwa wapi?"

Baba Imani, salama kabisa. Anza kuchambua mchele, umeliwa. Zote tatu ni kweli tupu, ila hiyo ya timu mbili naiweka mwisho kwa sababu ndo tamu na ndo iliyokugharimu.

Kwanza tuelewane. Kama ulicheza raundaz shuleni basi besiboli unaijua nusu. Kuna mrushaji, kuna mpigaji na gongo lake (la mbao, sio lile la kunywa), na nyuma ya mpigaji kuna mdakaji kachuchumaa kavaa makinga kama askari wa FFU, halafu nyuma ya huyo ndo nasimama mimi refa. Mpigaji akipiga anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akirudi alipoanzia, wenyewe wanapaita hom, ni bao. Akiguswa na mpira akiwa hajakanyaga besi, auti. Auti tatu mnabadilishana. Mrushaji akitupa nje ya eneo la kurushia mara nne mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Basi, hayo yanatosha.

Mimi nachezesha ligi ya watoto huku Minnesota mwaka wa tisa sasa, na hilo swali lako la marefa walikuwa wapi limenichoma kidogo, maana watu wanadhani refa kazi yake ni kujua sheria, kumbe nusu ya kazi ni kukaa unasubiri mtu afanye kitu ambacho sheria haijawahi kukiona. Unajua kule nyumbani ukikuta ukuta umeandikwa USIKOJOE HAPA FAINI 50,000 unajua kabisa kwamba pale watu wameshakojoa sana? Kitabu cha sheria za besiboli ndo hivyohivyo. Kila kipengele cha ajabu humo ndani kuna mtu alishafanya.

Haya, kiazi. Tarehe 31 Agosti 1987, mji wa Williamsport, Pennsylvania. Timu inaitwa Williamsport Bills, ligi ya chini ya vijana wanaotafuta kupanda hadi timu kubwa ya Cleveland, wanacheza na Reading Phillies, msimu unaishia, ubingwa hawana hata ndoto nao. Mdakaji wao wa akiba anaitwa Dave Bresnahan, miaka 25, wastani wake wa kupiga ni .149, yani akipewa nafasi 100 anafanikiwa kama 15 hivi, kwa lugha nyingine kijana alishaona maisha yake ya mpira yanaelekea wapi. Sasa huyu bwana akachukua kiazi ulaya, akakimenya, akakichonga kikawa duara kama mpira, akakificha kwenye glavu nyingine kule kwenye benchi lao.

Inafika inningi ya tano (inningi ni raundi, kila timu inapata zamu yake ya kupiga), auti mbili, mkimbiaji wa Reading, Rick Lundblad, yuko besi ya tatu, hatua chache tu afunge. Bresnahan anasimama anamwambia refa samahani mzee, glavu yangu imekatika kamba, naomba nikabadilishe. Refa akamwambia nenda, mimi pia ningemwambia nenda, glavu zinakatika kila siku. Akarudi na ile yenye kiazi. Mrushaji akatupa, Bresnahan akaudaka mpira wa kweli kwa glavu, halafu mkono wa pili ukachomoka na kiazi akakivurumisha kuelekea besi ya tatu, juu ya kichwa cha mwenzake kabisa, kikapitiliza hadi kwenye nyasi za nyuma. Lundblad kuona "mpira" umepotea akajua leo ni sikukuu, akakimbia kwenda hom. Anafika, anamkuta Bresnahan kamsimamia na mpira mkononi, katulia kama mtu anayesubiri daladala. Akamgusa nao. Auti, au sio?

Refa anaitwa Scott Potter, hebu mfikirie. Mpira anao Bresnahan hapa, na kuna kama mpira mwingine mweupe kule kwenye nyasi. Ikabidi aende mwenyewe kule nyuma akakiangalie, akakuta kiazi. Hakucheka hata kidogo. Akaamua mkimbiaji kafika salama na bao linahesabika.

Baba Imani, hapo ndo jibu la swali lako lilipo. Kwenye kitabu hakuna mahali pameandikwa usirushe kiazi, wala muhogo wala embe. Lakini kuna kipengele kimoja kifupi kinachosema refa ana mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo sheria hazikulitaja. Hicho kipengele ndo kinatulisha. Potter akakitumia. Kocha wa Bills akamtoa Bresnahan palepale na kumpiga faini ya dola 50, Cleveland wakamtimua, na ya faini hakulipa pesa, akamwachia kocha rundo la viazi. Alikuwa hajamaliza mwaka nje ya mchezo, ile timu ikatambua kwamba yeye ndo mtu pekee aliyewahi kuwafanya wajulikane, 1988 wakamrudisha kwa sherehe na kustaafisha jezi yake namba 59, kiingilio kilikuwa dola moja na kiazi kimoja mkononi. Sijawahi kusikia mtu mwingine kastaafishiwa jezi kwa wastani wa .149.

Mie mwenyewe msimu uliopita kuna katoto ka miaka tisa kalinifuata kabla ya mechi kananiuliza kwa adabu zote, "refa, mpira ukiingia ndani ya jezi ya mtu kwa bahati mbaya inakuwaje?" Nikajua hii sio bahati mbaya. Nikakaangalia mechi nzima.

Besi kinyumenyume sasa. Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Huyo ni Germany Schaefer wa Washington, hilo jina la Germany ni la utani, mwenyewe mzaliwa wa Chicago. Tarehe 4 Agosti 1911 wanacheza na Chicago White Sox, inningi ya tisa, yeye yuko besi ya kwanza na mwenzake Clyde Milan yuko ya tatu. Ujanja wa kawaida ni huu: wa besi ya kwanza anakimbia ghafla kwenda ya pili, mdakaji anababaika anatupa kule, na yule wa tatu anachomoka kwenda kufunga. Schaefer akakimbia. Mdakaji akamwangalia tu, hakutupa. Kwa hiyo jamaa kaipata besi ya pili lakini mchongo haujatiki. Akafanyaje? Mrusho uliofuata akakimbia kurudi besi ya kwanza ili aanze upya!

Kocha wa Chicago akatoka mbio uwanjani kubishana na refa, na refa naye anakuna kichwa maana sheria inasema besi ikanyagwe, haijasema usirudi. Wakiwa bado wanabishana Schaefer akachomoka tena kwenda ya pili, safari hii wakamtupia, wakawa wanamfukuzana huku na huku, Milan akajaribu kuingia hom akakamatwa auti. Kwa hiyo ujanja wote ule haukuzaa hata bao moja, ila ulizaa kipengele: kuanzia 1920 kitabu kinasema mkimbiaji akirudi nyuma kwa makusudi ya kuwachanganya wapinzani au kuufanya mchezo kichekesho, auti. Imani akikuuliza kama inawezekana leo, mwambie asithubutu.

Sasa wewe hukuuliza hii lakini siwezi kuiacha. Tarehe 19 Agosti 1951, St. Louis. Timu ya Browns ilikuwa mbovu kweli, na mwenye timu alikuwa Bill Veeck, mtu ambaye kichwa chake kilikuwa kinafikiria matangazo tu. Ilikuwa siku ya mechi mbili mfululizo dhidi ya Detroit Tigers. Kati ya hizo mechi mbili wakaleta keki kubwa ya maonyesho, akatoka ndani yake Eddie Gaedel, mtu mzima wa miaka 26 mwenye urefu wa kama sentimita 109. Watu wakacheka wakapiga makofi wakadhani imeisha. Mechi ya pili inaanza, wanatangaza mpigaji wa kwanza wa Browns... Gaedel, kavaa jezi namba 1/8. Jezi yenyewe iliazimwa kwa mtoto wa miaka tisa, mtoto wa kiongozi mmoja wa timu, anaitwa Bill DeWitt Jr., na huyo mtoto leo ndo mwenyekiti wa St. Louis Cardinals.

Refa Ed Hurley akasimamisha mchezo akaenda kwa kocha wa Browns kuuliza hiki ni nini. Kocha akatoa karatasi mfukoni. Mkataba. Umesainiwa, umetumwa ofisi za ligi mwishoni mwa wiki wakati hakuna wa kuukagua. Hurley akausoma, akautazama tena, akamwambia mrushaji endelea. Mimi ningefanya hivyohivyo kwa sababu hakuna mahali sheria imeweka kimo cha mchezaji. Sasa enzi hizo eneo la kurushia lilipimwa kuanzia magotini hadi kwapani mwa mpigaji, na Gaedel akiinama lilikuwa kama upana wa vidole viwili. Mdakaji akapiga magoti, mrushaji Bob Cain anacheka, akarusha nne zote juu, Gaedel akapewa besi ya kwanza. Akatembea hadi pale akiinamia mashabiki njiani, akabadilishwa na mkimbiaji wa kawaida, kazi ikaisha. Kwa maisha yake yote rekodi yake ni kwamba kila alipoenda kupiga alifika besi, kwa sababu alienda mara moja tu. Tigers walishinda 6-2. Kesho yake mkuu wa ligi akaufuta mkataba, na Veeck akamuuliza basi nielezeni, Phil Rizzuto wa Yankees ni mchezaji mfupi au ni mbilikimo mrefu?

Lakini hii hadithi ina upande mwingine ambao watu wanaouchekea mtandaoni hawausemi. Gaedel alifariki 1961 akiwa na miaka 36 tu, na kwenye mazishi mtu wa besiboli aliyeenda alikuwa mmoja, Bob Cain, yule yule aliyemrushia zile nne. Hakuwa rafiki yake, walikuwa wamekutana kwa hizo dakika tu.

Kuna na visa vya ndege, wale wa manyoya, navipita haraka. 1983 Dave Winfield wa Yankees akiwa anapasha Toronto alirusha mpira ukamuua ndege wa baharini, polisi wakamkamata kwa ukatili dhidi ya wanyama, dhamana dola 500, kesi ikafutwa. Miaka tisa baadaye huyohuyo akiwa anachezea Toronto ndo alipiga mpira uliowapa ubingwa wa 1992, na ndege akasahaulika. Halafu 2001 Randy Johnson, mrushaji mrefu wa zaidi ya mita mbili, alirusha mpira ukakutana na njiwa katikati ya safari, manyoya puu, kama umepasua mto. Refa akasema mrusho hauhesabiki, rudia. Kile kipengele chetu tena.

Ila kama unataka kumhurumia refa, soma ya Pawtucket, Rhode Island, tarehe 18 Aprili 1981. Pawtucket na Rochester, sare, mechi za besiboli hazina muda wa mwisho, mnaendelea mpaka mmoja ashinde. Ligi ilikuwa na kipengele cha kusimamisha mchezo usiku ukiwa mkubwa, ila nakala ya kitabu waliyokuwa nayo marefa siku ile hicho kipengele hakimo! Kwa hiyo wakacheza. Saa sita, saa saba, saa nane, baridi ya kufa, wachezaji wanavunja magongo wanayachoma kwenye pipa waote moto. Inningi ya 21 Rochester wakafunga, wenyeji wakasawazisha, na aliyesawazisha, Wade Boggs, hakujua wenzake wanataka kumkumbatia au kumpiga. Mrushaji mmoja, Luis Aponte, aliruhusiwa kwenda kulala mapema, kafika nyumbani alfajiri mkewe anamuuliza ulikuwa wapi, anasema uwanjani. Uwanjani saa hizi? Mwanaume yeyote anayesoma hapa anajua jinsi hayo mazungumzo yalivyokwenda.

Saa kumi na dakika saba alfajiri, siku ya Pasaka, ndo amri ya mkuu wa ligi ikawafikia kwa simu: simamisheni. Walikuwa wamemaliza inningi 32 wakati kawaida ni tisa, na mashabiki waliobaki jukwaani walikuwa 19. Wakaimalizia Juni 23, uwanja umejaa, waandishi kila kona, na mechi ikaisha kwa dakika 18 tu, Pawtucket 3-2. Ukurasa mmoja umekosekana kwenye kitabu, wewe fikiria.

Williamsport mwambie Imani asiikariri kwa kiazi tu. Ng'ambo ya mto wa mji huohuo ndo inachezwa fainali ya dunia ya watoto, na 2011 timu kutoka Uganda ilifuzu ikakwamishwa viza kwa mambo ya vyeti vya kuzaliwa, ikawa stori kubwa, hadi watoto wa Canada waliotakiwa kucheza nao wakapanda ndege Januari 2012 kuwafuata Uganda wakacheze ile mechi. Agosti hiyohiyo vijana wa Lugazi wakafika kweli, timu ya kwanza kutoka Afrika kule, na hawakuondoka mikono mitupu, waliwafunga Waamerika wa Gresham, Oregon, 3-2.

Haya sasa pilau yako.

Zamani kulikuwa na kitu cha karibu. Mei 30, 1922 Chicago Cubs na St. Louis Cardinals walikuwa na mechi mbili siku moja, katikati ya mapumziko wakabadilishana wachezaji, Max Flack kaenda huku na Cliff Heathcote kaenda kule, mechi ya pili kila mmoja akacheza dhidi ya watu aliokula nao asubuhi. Lakini hizo ni mechi mbili, ungeweza kubisha ukashinda.

Juni 26, 2024, Boston. Danny Jansen ni mdakaji wa Toronto Blue Jays, inningi ya pili kaenda kupiga, mrusho wa kwanza kaupiga ukaenda pembeni, straiki moja (zikitimia tatu mpigaji ni auti). Mvua ikashuka. Wakaisubiri ikagoma, mechi ikaahirishwa hapohapo ilipofikia, kuendelezwa tarehe nyingine. Kabla hiyo tarehe haijafika, mwezi Julai, Toronto wakamuuza Jansen. Wakamuuza wapi? Boston.

Agosti 26 mechi inaendelea pale ilipokomea. Anayetakiwa kuwa kwenye nafasi ya mpigaji ni Danny Jansen wa Toronto, mwenye straiki moja. Toronto hawanaye, wanamtoa, wanamwingiza Daulton Varsho. Boston nao wanaingiza mdakaji kutoka benchi, anakuja anachuchumaa nyuma ya Varsho, kainua uso... ni Jansen. Yani zamu yake mwenyewe aliyoiacha Juni, sasa yeye ndo anaidaka. Varsho akapigwa straiki zilizobaki akatoka. Na hapa kuna kitu sisi marefa tunakipenda sana: sheria inasema mpigaji wa akiba akikuta straiki mbili tayari kisha akamaliziwa ya tatu, auti inaandikwa kwa yule wa kwanza. Kwa hiyo mvua ile ingechelewa mrusho mmoja tu na Jansen akala straiki ya pili, siku ile angetolewa auti kwa mpira alioudaka mwenyewe.

Jina lake liko pande zote mbili za karatasi ya mechi, Toronto na Boston, mtu wa kwanza kwenye ligi kuu ya Marekani. Na refa hakuwa na la kuamua, safari hii kitabu kinasema wazi kabisa: mechi ikiendelezwa, mchezaji aliyesajiliwa baadaye anaruhusiwa kuingia kama wa akiba. Hakuna mahali panaposema isipokuwa kama aliichezea timu ile nyingine.

Mwambie Imani pilau iwe ya kuku na kachumbari asisahau.